Kitanda cha Yokohama

Jiji la Tokyo na miji iliyoshikana nalo, Yokohama, Chiba na Saitama, lilikuwa limepanuka mno hata mgeni hakuweza tena kujichagulia pa kulala. Zamani watu waliumiza vichwa: nikae karibu na stesheni au karibu na bahari? Kijumba cha kujibana katikati ya mji, au chumba kipana huko pembeni? Mlazawageni, mashine ya kuwapangia wageni malazi, aliyafuta hayo yote. Ndege ikigusa ardhi tu, sauti yake ilimnong'oneza kila abiria kwa lugha ya kwao, ikamwuliza anapenda nini, na kabla mikanda haijafunguliwa kila mtu alikuwa na kitanda chake na kigari kisicho na dereva kikimngoja nje. Raha iliyoje! Na aliyemfundisha Mlazawageni kuuliza alikuwa mtoto wa Pangani, Mhandisi Zamoyoni Shekalaghe.

Mwenzake wa kazi, Bwana Kurobane, aliwahi kumwonya.

“Kwetu Kyoto mtu akikaribishwa hukataa kwanza. Afadhali mashine iulize tena.”

“Tukimwuliza kila mtu mara tatu tatu, si tutakesha uwanjani?” Zamoyoni alicheka. “Jibu la kwanza ndilo jibu.”

Tazama maajabu! Mtu aliyelelewa Pangani ndiye aliyesema hivyo.

Basi mama yake, Bi Mwanahamisi, akaja kumtembelea. Hawakuwa wameonana tangu binti aondoke kwenda masomoni, na mama hakuwa na haja nyingine Japani: alitaka kulala chini ya paa la mwanawe. Zamoyoni alitandika kitanda, akafukiza udi, akakiandikisha chumba kwa Mlazawageni. Angeweza kwenda uwanjani kumpokea, lakini alitaka mama aonje kazi ya mikono ya bintiye.

“Shikamoo, Bi Mwanahamisi,” mashine ilinong'ona. “Mwanao ana kitanda chako Yokohama. Ungependa kulala huko?”

“Ah, mwanangu ana kazi nyingi, nisimsumbue. Mimi popote pananitosha.”

Mwanamke yeyote wa Pangani angejibu hapo hapo: “Hebu niondolee maneno yako, lete mkoba twende!” Mashine ilisema ahsante, ikampeleka hoteli moja Chiba, ng'ambo ya ghuba.

Zamoyoni alikuwa amesimama mlangoni ujumbe ulipomfikia: mgeni wako ameomba kulala kwingine. Ulimchoma. Kumbe nyumba yangu haimfai! Akapiga simu kwa sauti kavu.

“Umefika salama, mama?”

“Nimefika, mwanangu, nashukuru.”

“Hoteli nzuri?”

“Nzuri.”

Kila mmoja akakata simu na uchungu wake. Ziara nzima walikutana mikahawani, wakaulizana habari za ndugu na majirani, wakaagana mapema. Zamoyoni alisubiri mama aombe kuhamia kwake. Mama hakuomba. Mzazi aombe kwa mwanawe, tangu lini?

Ilipofika siku ya kuondoka, uwanjani, Zamoyoni akashindwa kuvumilia.

“Mama, kwa nini uliikataa nyumba yangu?”

“Niliikataa lini?”

“Mashine ilikuuliza.”

“Iliniuliza, nikajibu kiungwana. Nikaja nikakaa kwenye kile kitanda cha hoteli, nguo zimo mkobani sizitoi, nasema sasa hivi ataingia, atanigombeza, atanibeba. Ukaja mkahawani. Ukaniuliza kama chakula kitamu.”

“Sikujua, mama. Wallahi sikujua! Mashine haikusisitiza, ndivyo ilivyofundishwa.”

“Na nani kaifundisha?”

Zamoyoni alitazama sakafu. “Mimi.”

Bi Mwanahamisi alimtazama sana, kama anayemtafuta mtu anayemfahamu. Machozi yalikuwa yakimlenga, naye hakuyaficha.

“Kitanda nilikutandikia,” Zamoyoni alisema. “Mpaka leo kimetandikwa. Rudi mwakani, mama. Nitakuja kukupokea mwenyewe. Utafikia kwangu.”

“Kwako nimeshafikia, mwanangu. Mashine yako ndiyo iliyonipokea,” akasema Bi Mwanahamisi, na safari hii halikuwa jibu la kiungwana. Akajitwika mkoba wake begani, akaingia kwenye foleni ya wanaoondoka.