Watoto Wanne na Mmoja

Mara ya kwanza Fundi alidhani ni kosa la wapiga chapa. Tangazo la kifo cha babu wa mama yake, katika gazeti kuukuu lililomeguka lilipoguswa, lilisema: "Ameacha mjane, watoto wanne na mmoja." Alicheka peke yake katika chumba cha magazeti cha maktaba. Watu gani hawa wasioweza kusema watano?

Fundi alikuwa mshona nguo, asiyevumilia uzi unaoning'inia. Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia. Hii ya nne ilikuwa imefika mwezi wa sita, na aliapa mtoto huyu azaliwe akute ukoo wake wote umeandikwa kwenye karatasi moja. Ndiyo maana kila Jumamosi alishinda pale akifukua tanzia za jamaa zake.

Ya nyanya mkubwa: "watoto sita na mmoja." Ya mjomba wa mama: "wawili na mmoja." Miaka sitini ya magazeti, na huyo mmoja hana jina wala mzazi. Fundi alimwonea huruma hadi machozi yakamtoka. Yeye aliyepoteza watatu wasio na majina angemwachaje? Kwenye mchoro wa ukoo, kando ya kisanduku cha mtoto aliye tumboni, akachora kingine na kukivutia mstari hadi kwenye jina lake mwenyewe.

"Njoo mwanangu," akanong'ona. "Mama yako ni mimi."

Gazeti likajifunua lenyewe mezani, kurasa mbili, tatu. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuka wino mbichi. Mchana kweupe, akiwa amejinyoosha kitandani, alisikia cherehani ikijizungusha sebuleni, polepole, kama inayochezewa na mtoto asiyefikia vizuri kanyagio, na alipojikaza akaenda kuangalia ikanyamaza, na aliporudi kitandani akakuta shuka lina joto mahali ambapo hakuwa amelala.

Kliniki, mkunga alimpima akatabasamu. "Eh, mama! Mioyo miwili. Hongera, mapacha!"

"Mwezi jana ulisema mmoja."

"Basi mwenzake alijificha. Watoto wa siku hizi wana mambo!"

Fundi hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi aliyemlea, akamsimulia yote.

"Umempa mama?" Shangazi alishusha sauti, macho mlangoni.

"Nilidhani ni yatima, Shangazi."

"Ni jini, mwanangu. Tunamhesabu ili asikasirike. Mama hatumpi, maana akipata mama atataka kuzaliwa. Na huyo hajui kugawana."

Mganga aliitwa jioni ileile. Alichoma ule mchoro, akafukiza chumba, akamlaza Fundi mkekani. "Weka mkono alipo, useme: huyu si wangu. Atatoka. Lakini angalia. Ukimkana asiye yeye, ndiye atakayetoka."

"Nitamjuaje?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Shangazi akamwambia. "Sikiliza. Utamjua."

Fundi alifumba macho. Upande wa kushoto palitulia, pana joto, kama mtoto aliyeshiba. Upande wa kulia kulikuwa na fujo, mateke juu ya mateke, kitu kikijirusha na kusukuma na kukwaruza kana kwamba kinataka kupasua ngozi kitoke, na kadiri ubani ulivyozidi ndivyo nacho kilivyozidi, hata akauma kanga asipige kelele, na hofu yote ya siku zile ikamjaa mkononi. Akaushindilia mkono wake wa kulia palepale.

"Huyu si wangu!"

Mateke yakakoma. Maji ya moto yakamtiririka mapajani. Mganga alishusha pumzi, Shangazi akaanza kushukuru kwa kilio.

Ndipo upande wa kushoto, ndani kabisa ya tumbo, sauti ya mtoto ikasema kwa upole:

"Alikuwa anapigana na mimi, mama. Nilijua utanisaidia."