Nilimvisha Fundi Wafula Medali ya Tairi

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na darasani mimi ndiye yule wa kuchekesha hadi mwalimu anasahau alichokuwa akifundisha. Tunaishi Kayole. Mkitaka kunicheka nichekeni tu, wasomaji wenzangu, maana nami nimecheka watu vya kutosha... Lakini hili halichekeshi.

Mathe wangu ana kibanda cha akala pale soko la Kariokor, vile viatu vya tairi vyenye shanga. Likizo ya Agosti nyanya aliugua huko Kakamega, Mathe akasafiri kumuuguza. Akaniachia ufunguo na mafundi wawili: Halima wa shanga na Fundi Wafula wa kushona.

"Brayo, wewe ndiye macho yangu," akaniambia.

Macho! Manze, nilijiona meneja.

Sasa, Fundi Wafula alikuwa mzito. Siwezi kumpamba. Halima akimaliza jozi tano, yeye bado yuko kwa ya pili, na mshono umepinda kama njia za mtaa wetu. Nikambandika jina: Kinyonga. Nikawa natangaza kazi yake kama mpira wa redioni: "Kinyonga ameshika sindano... anaiangalia... sindano nayo inamwangalia!" Halima alicheka hadi shanga zikamwagika. Majirani wakasogea. Nikakata kipande cha tairi, nikakitia kamba, kikawa medali ya mshika mkia. Kila jioni nilimvisha mbele ya watu. Mzee wa rika la baba yangu! Naye aliinamisha shingo, akavaa, akatabasamu kidogo.

Kadiri nilivyomcheka ndivyo mikono yake ilivyotetemeka. Nilidhani ni uvivu. Ningejuaje? Sikuwahi kumuuliza swali hata moja!

Siku moja akaja mama mmoja anayechechemea, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Wafula akaweka sindano chini. Akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akamwambia yule mama atembee, arudi, atembee tena. Mikono haikutetemeka hata kidogo! Asubuhi nzima alichonga soli, tabaka juu ya tabaka. Yule mama alipovaa akasimama... akanyooka. Akalia palepale njiani.

Na mimi nilifanya nini? Niliona. Naapa niliona! Lakini watu walikuwa wamekusanyika wakingoja mzaha wangu, nami sikujua kukaa bila kuchekesha. Nikasema, "Kiatu kimoja asubuhi nzima! Jozi itatukuta tumeota mvi." Nikamvisha medali hata kabla ya saa sita.

Siku hiyo hakutabasamu. Aliivua, akaiweka mezani polepole. "Kijana," akasema, "nipe kazi ya miguu ya watu. Hii ya sindano imenishinda."

"Miguu si unayo, mzee? Itumie kwenda nyumbani."

Watu walicheka. Naye akaenda kweli.

Jioni Mathe akapiga simu. Nikamwambia Wafula ameacha kazi, tena ametukana, eti hawezi kuamrishwa na mwanamke. Uongo mtupu! Hata sijui niliutoa wapi.

Wiki iliyofuata, mzee mwenye kibanda kinachotazamana na chetu alimwita Wafula. Alimuuliza swali moja tu, nalo nililisikia kwa masikio yangu: "Fundi, ni kazi gani ukiifanya unasahau chakula?" Hiyo tu, kisha akampa kazi hiyohiyo kibandani kwake! Kufikia Krismasi pale palikuwa na foleni... waliopata ajali, wenye sukari waliovimba miguu, watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Wafula hashoni tena. Anapima na kuchonga, wengine wanamshonea.

Na mimi je? Mathe aliporudi alinionyesha stuli ya Wafula. "Keti hapo mpaka tupate fundi mwingine." Hatujapata. Kila Jumamosi, kila likizo, niko hapo. Nyuma yangu ukuta, kushoto rundo la tairi, mbele yangu Wafula. Nigeukie wapi? Kila asubuhi ananisalimia, "Habari ya shule, kijana?" Mathe naye anageuza uso, kwa sababu ya tusi ambalo halikutamkwa. Nikisema ukweli, nimekwisha. Nikinyamaza, nakwisha polepole... Umewahi kufungwa jela ambayo askari wake ni wewe mwenyewe?

Jumamosi moja Mathe alisema, kwa sauti ndogo, kwamba tangu Baba afariki hajaumizwa na neno kama lile la Wafula. Hapo nikavunjika. Nikamweleza yote, huku kamasi zinanitoka kama mtoto wa nasari.

Nilingoja kofi. Halikuja. Alivua aproni yake, akavuka upande wa pili soko likimtazama.

"Fundi Wafula, nimekugeuzia uso miezi yote hii kwa kosa ambalo hukulifanya. Nisamehe. Rudi kwetu."

"Mama Brayo, sina kinyongo," Wafula akamjibu. "Lakini hapa ndipo nimejijua, na mvi zangu hizi. Nikirudi nitajisahau tena."

Mathe akarudi, akaketi, akaendelea na kazi. Hadi leo hajagusia siku ile. Afadhali kofi, jamani!

Kwa hivyo wewe uliyepewa watu uwaongoze, kiwandani, ofisini, hata kama ni uprifekti tu wa kupanga foleni ya chakula, nakusihi usipite njia yangu. Mtu wako akilegea, usikimbilie kicheko. Muulize. Tazama mikono yake inatulia akishika nini. Na ukishaona, usijifanye hukuona ili wenzako wacheke. Kicheko huisha siku hiyohiyo. Mimi bado niko kwenye stuli.

Juzi alikuja baba mmoja na binti yake mwenye mguu uliopinda, akauliza kama tunaweza kumtengenezea kiatu. Mathe akaniangalia tu. Nikainuka, nikawavusha upande wa pili, nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza ngozi: "Muoneni Fundi Wafula. Sisi hatuwezi."

Hakuna aliyecheka. Nikarudi kuketi.