Nilimwita Dada Yangu Msaidizi Ili Nipokelewe Klabu ya Magari ya Spoti

Taa za breki za gari la Daktari zinawaka... lakini gari halipungui mwendo!

Nipo nyuma yake, naona kwa macho yangu mawili. Zinawaka, zinazima, zinawaka tena. Anakanyaga, anakanyaga... na gari ndiyo kwanza linazidi kushuka mlima.

Chini kuna makutano. Watu wanavuka!

"Mungu wangu... breki!"

Na breki zile, jamani, nilizigusa mimi. Jana yake tu, mbele ya watu kumi na wawili, na makofi nikapigiwa.

Kabla hujanitukana kwenye komenti, soma kwanza mpaka mwisho. Matusi uliyonayo sasa hivi hayatatosha. Utaongeza.

Mimi nauza vigae na masinki. Dukani navaa shati jeupe, nanukia vizuri, kucha safi. Spana nikiishika basi nampa mtu.

Lakini gari ninalo. Spoti la zamani, milango miwili, jekundu. Nililinunua likiwa gofu, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Aliyelifufua ni dada yangu, kila Jumapili kwa miaka miwili.

Dada ni fundi magari. Gereji yake iko nyuma ya nyumba tunayoishi, na watu wote wanamwita Dada Spana. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano. Dada akaacha shule, akavaa ovaroli, mimi nikaendelea kusoma.

Sasa, mjini kwetu kuna klabu ya wenye magari ya spoti. Usidhani ni ya watu wa kupiga picha na miwani ya jua. Wale wana sheria moja: gari lako unalitengeneza mwenyewe. Ukiwa na fundi wa kukufanyia, kwaheri.

Na mgeni anapewa mtihani. Anahudumia breki za gari la mwenyekiti, wote wakimtazama. Kesho yake mwenyekiti analiendesha gari hilohilo, anaongoza msafara.

Mwenyekiti wao ndiye huyo Daktari. Mama wa makamo, daktari wa meno, mpole ila macho yake hayakwepeki.

"Kijana, gari lako nani kalitengeneza?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Daktari."

Wakaniangalia kwa heshima. Ee bwana wee, heshima ile ni tamu! Dukani sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote. Nikanogewa.

Nyumbani nikamwomba Dada anifundishe kuhudumia breki. "Nijue tu, nisiwe mshamba wa gari langu," nikamwambia. Akafurahi, masikini! Wiki mbili nzima, jioni akitoka kazini na mgongo unamuuma, ananielekeza.

"Ukimaliza kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, kile kinati cha kuzibia usikiamini kwa vidole. Spana, mdogo wangu. Spana!"

Ijumaa ya mtihani ikafika, uani kwa Daktari; Dada nilimwambia tu naenda huko kujaribia mkono. Nikafanya kazi vizuri kweli. Tairi la kwanza, la pili, la tatu... Tairi la mwisho nimetoa upepo, nimerudisha kinati kwa vidole, nanyoosha mkono kuchukua spana.

"Mdogo wangu!"

Nikageuka.

Dada. Kasimama getini na ovaroli lake lenye mafuta mpaka magotini, mkononi kashika ovaroli jingine safi, limekunjwa.

"Umesahau hili, utachafua shati. Halafu ngoja nikukagulie kazi kabla..."

Nikaruka nikamkimbilia kabla hajamaliza. Nyuma yangu nasikia mtu anauliza, "Nani huyo?"

Hapo ndipo niliposema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke.

"Ni msaidizi wangu tu. Ananibebea vifaa."

Dada akanitazama. Hakukasirika, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Akanipa lile ovaroli.

"Haya. Kazi njema," akasema, akaondoka.

Nilirudi kwenye gari, nikafunga tairi harakaharaka ili wasinione usoni. Daktari akakanyaga pedeli, ikawa ngumu kama kawaida. Makofi! Karibu klabuni!

Kinati sikukikaza. Wala sikukumbuka.

Jumamosi asubuhi, kila Daktari alipokanyaga breki, mafuta yakawa yanavuja kidogo kidogo. Tulipofika ule mteremko hakukuwa na breki tena.

Akapiga honi mfululizo. Watu wakatawanyika! Mita chache kabla ya makutano akakata kushoto, akalivamia rundo la mchanga wa ujenzi.

Pu!

Tukaruka kutoka kwenye magari, tukakimbilia pale.

Tulimtoa akiwa hai. Paji la uso linatoka damu, kifundo cha mkono kimevunjika. Mkono wa kulia, jamani. Mkono anaong'olea meno!

Nikampigia Dada. Sikujua nimpigie nani mwingine.

"Dada... njoo. Nimeua... hapana, hajafa... njoo tu!"

Akafika na pikipiki. Hakuuliza kitu, akaingia chini ya gari. Akatoka na vidole vimelowa mafuta ya breki, akaniangalia. Alikwishajua.

Nikafumba macho nikisubiri aniumbue.

"Kinati hiki nimekisahau mimi," akasema. "Mimi ndiye msaidizi. Msimlaumu yeye."

Wakamrukia!

"Mjinga wewe! Ungeua watu!"

"Ndiyo maana hatutaki wasaidizi hapa!"

Dada kainamisha kichwa, anapokea matusi yaliyonistahili mimi.

Na mimi? Nilinyamaza. Nasema kweli tupu, nilinyamaza! Nilisimama pale na shati langu jeupe nikamwacha atukanwe. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Punda ana nafuu, punda hajasomeshwa na mtu.

"Daktari," Dada akasema, "nitalitengeneza gari lako mwenyewe mpaka lipone. Andika namba yangu."

Akaitaja. Daktari akawa anaibonyeza kwa mkono wa kushoto, taratibu. Ghafla akasimama.

"Hii namba ninayo."

Tukamkodolea macho.

"Imeandikwa hapa, 'Fundi wa gari jekundu'. Niliitoa kwenye kibao cha gereji, siku nilipoona lile gari linatoka getini kujaribiwa. Nikakuandikia kukualika klabuni. Mbona ulijibu kwamba si wewe?"

"Mwaliko gani, mama?" Dada akauliza.

Ndugu msomaji, hili nilikuficha tangu mwanzo. Samahani.

Mwaliko ule haukuwa wangu. Ulikuja kwenye simu ya Dada, siku aliyoniachia dukani niichaji kwa sababu nyumbani umeme ulikatika. "Tumeona kazi ya mikono yako, tungependa uwe mmoja wetu." Nikausoma mara tatu. Nikajibu, "Umekosea, aliyelitengeneza ni mwenye gari mwenyewe, namba yake hii hapa." Kisha nikafuta kila kitu.

Dada alikuwa bado ananitazama. Safari hii kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Gari katengeneza yeye. Mwaliko nilifuta mimi. Kinati nimekiacha mimi. Huyu si msaidizi wangu. Ni dada yangu, tumbo moja."

Hakuna aliyenitukana. Walinipa mgongo tu, wote, wakampa Dada nafasi karibu na Daktari.

Dada akasema kitu kimoja: "Ungeniambia unautaka mwaliko ule hivyo, ningekuachia."

Na najua angeniachia kweli. Ndiyo iliyonimaliza.

Leo Dada ni mwanachama, na msafara akipewa kuongoza anaongoza. Lile gari jekundu nililiandikisha kwa jina lake, akakataa wiki nzima mpaka nikapiga magoti. Mkono wa Daktari umeunga, lakini anasema ukishika koleo bado unachoka upesi. Nikikutana naye njiani navuka upande wa pili.

Mnadhani Dada alininunia? Thubutu! Kila Jumamosi ananigongea mlango. "Mdogo wangu, twende." Nami najifunika shuka, nasema kichwa kinauma. Kichwa hakiumi. Siwezi tu kukaa kiti cha pembeni nikaitwa mdogo wake mbele ya wale watu.

Njia ya mwongo ni fupi, hilo mnalijua. Mimi nawaongezea langu: ukimwonea haya mtu aliyekubeba, iko siku haya itahamia kwako, na haitoki kwa sabuni.

Miezi minne imepita. Nimeomba msamaha kwa Daktari, kwa klabu, na sasa kwenu nyinyi nisiowajua. Kwa Dada bado. Kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula.

Sasa hivi namsikia uani anawasha gari. Acheni niweke simu chini, nimuwahi kabla hajatoka.