Nyumba Iliyomeza Sauti

Shuka lilikuwa limekauka kote isipokuwa katikati. Mama Wanga alilipapasa mara ya pili, akidhani mkono wake umemdanganya, maana jua la mchana ule lilikuwa la kuchoma utosi, na mashuka mengine kwenye kamba ileile yalikauka mpaka yakawa yanakwaruza. Hili lilikuwa kavu juu, kavu chini, kavu pembeni. Katikati palibaki unyevu uliosimama wima kama mtu: kichwa, mabega, mikono iliyolegea ubavuni. Akaliinamia akalinusa. Lilitoa harufu ya utambi wa taa uliozimwa sasa hivi.

Akajisemea kwamba ni sabuni mbaya, akalikung'uta na kuligeuza upande wa pili.

Hakuwa mtu wa kushtuka upesi. Wageni waliosikia anaitwa Mama Wanga walisogea kando kidogo, wakidhani ni wale wanga wa usiku. Kumbe ni wanga wa kukazia kola. Alikuwa dobi, na watu walitania kwamba shati alilopiga pasi yeye linaweza kwenda kazini bila mwenyewe. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, aliitwa Breki, na hilo nalo halikuwa jina la bure. Wenzake walisema alikuwa akianza kukanyaga breki kabla barabara haijafikiria kukata kona.

Walikuwa wapangaji tangu waoane. Walizaa, wakalea na wakaoza watoto katika vyumba vya watu. Wamekatazwa kupigilia misumari, wamekatazwa kuanika, wamesimangwa kwamba wanamaliza maji. Sasa mwenye nyumba wao wa mwisho alitaka uwanja wake ajenge maduka, na Mama Wanga alikuwa akianika nguo za wateja ndani, juu ya kitanda na juu ya jiko, zikashika uvundo, na wateja wakaanza kumkwepa. Ndipo aliposikia habari za nyumba kongwe, nyumba iliyokuwapo kabla ya barabara inayopita mbele yake: kuta nene za mawe, milango mizito, na katikati ua mpana unaoshinda juani kutwa. Ilikuwa inauzwa kwa bei ya chini kiasi cha kutia shaka, na Breki, kama kawaida yake, alitia shaka.

"Mwenzangu," alisema, "gari likiuzwa rahisi, fungua boneti kwanza."

Muuzaji alikuwa bibi mmoja nesi mstaafu, wa mwisho kubaki katika ukoo wake. Yeye mwenyewe alikaa kwa mpwa wake, mtaa wa pili. Hakuficha kitu. Aliwakalisha akawaeleza, kwa sauti ya mtu anayetoa majibu ya vipimo, kwamba mle ndani mna jini. Halipigi watu wala halivunji vyombo. Linachukua sauti. Kaka yake alikufa bubu katika nyumba hiyo. Seremala aliyetaka kuinunua kabla yao aliingia akipiga mluzi na kutoka bila sauti, na mpaka leo anawaeleza wateja wake vipimo kwa vidole. Mganga naye aliitwa. Alifika ukumbini, akasimama akisikiliza, kisha akatoka mbio akauacha mkoba wake, wala hakurudi kuufuata. Kwa hiyo yeye hauzi mtego. Anayeitaka nyumba ashinde humo siku chache kwanza, kisha aamue. Usiku jini lile halina habari na mtu. Wakati wake ni adhuhuri, jua likisimama utosini na kivuli cha mtu kikiingia chini ya nyayo zake.

"Likikuita, usiitike," alimaliza yule bibi kwa sauti ya chini. "Ukiitika tu, umeshalikabidhi sauti yako."

Breki alikwishasimama. Mama Wanga aliomba ufunguo.

Njia nzima Breki alimsihi. Alimkumbusha kwamba vyumba vya kupanga havijaisha mjini, kwamba wao ni watu wazima, kwamba mwenda pole hajikwai. Mkewe alimsikiliza mpaka akaishiwa, ndipo akamjibu bila kugeuka.

"Nimefukuzwa na watu wenye hati mkononi. Huyu hata mwili hana."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi alibeba nguo za wateja mpaka ile nyumba, akafua, akaanika uani, akawasha mkaa wa pasi. Breki alikaa kizingitini mwa mlango wa mbele, ameuacha wazi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama abiria asiyekiamini kituo alichoshushwa. Siku ya kwanza ndiyo ya lile shuka. Alipomwonyesha ule unyevu, Breki aliurudisha nje hata ule mguu wa ndani.

Siku ya pili ukaja mluzi. Mama Wanga alikuwa akichovya kola kwenye wanga aliposikia mtu akipiga mluzi chumba cha pili, mluzi wa mtu anayepiga randa, unaokatika kidogo pale anapopuliza takataka za mbao. Akaenda kutazama. Chumba kilikuwa kitupu, vumbi limetanda sakafuni bila alama ya unyayo, na sasa mluzi ulikuwa uani alikotoka. Ukafuatia ukohozi wa mzee, halafu mzee huyohuyo akaomba maji kwa upole, kama mgonjwa asiyependa kusumbua watu. Kisha mwanamke akacheka kidogo, akanyamaza. Sauti hizo hazikumwita. Zilining'inia tu hewani, moja huku, moja kule, na chini yake ile harufu ya utambi.

Aliogopa, hilo asingelikana. Lakini nyuma ya hofu kikaja kitu kingine, kikapanda kama maziwa jikoni. Maisha yake yote alikuwa amekabidhiwa vitu vya watu, na hakuna aibu aliyoijua kubwa kuliko dobi kukaa na nguo ya mtu asimrudishie. Hizi zilikuwa sauti za watu. Yule mzee, bila shaka kaka wa bibi nesi, alikufa akiitafuta yake. Seremala alikuwa hai, mitaa michache kutoka pale, anahesabu kwa vidole.

Jioni ile alimwambia mumewe kwamba anaogopa. Breki, ambaye hajawahi kumsikia akitamka neno hilo, alisogeza kigoda karibu naye. Kisha akasema taratibu kwamba basi waache, hakuna atakayewacheka. Mkewe akatikisa kichwa. Alisema nyumba ataiacha akitaka mwenyewe, siyo kwa kutolewa.

Kesho yake hakukuwa na upepo kabisa. Jua lilipofika utosini Mama Wanga alikuwa katikati ya ua, kati ya kamba na kamba, mashuka yamemzunguka pande zote kama kuta za chumba kisicho na dari, na akiwa ameshika kibanio mkononi akagundua kwamba hasikii tena barabara, wala kunguru juu ya paa, wala mkaa ukitatarika ndani ya pasi, hasikii chochote isipokuwa pumzi yake mwenyewe, na baada ya kitambo akajua kwamba hata pumzi ile si yake, kwa sababu yeye alikuwa ameibana yake na ile nyingine ilikuwa bado inaendelea, polepole, nyuma ya shuka lililokuwa mbele ya uso wake.

"Mke wangu," ikasema sauti ya Breki nyuma ya shuka. "Inatosha sasa. Njoo twende zetu."

Alishafungua kinywa kuitika. Neno lilikuwa limefika ulimini. Likamkwama hapo kwa sababu ya kitu kidogo: Breki hajawahi kumwita mke wangu. Tangu siku ya ndoa alimwita mwenzangu, na akikasirika alimwita wewe.

Akafunga kinywa. Wakati uleule Breki wa kweli akatokea akikimbia kutoka ukumbini, mikono yote miwili imeshika koo, kinywa kinafunguka na kufungika kama samaki aliyetupwa mchangani, na hapakutoka hata mkwaruzo. Baadaye ndipo alipomweleza: alisikia sauti ya mkewe ikimwita kutoka ndani, ikiomba msaada, na yeye aliyefunga breki maisha yake yote siku hiyo hakuifunga. Aliitika.

Shuka likaanza kutuna. Kilianza kichwa, kikausukuma uzi wa kitambaa kutoka ndani, kikatokeza paji la uso, pua, na kinywa kilichokuwa kikitafunatafuna maneno ya Breki kana kwamba kinayaonja, na chini ya pindo pakaonekana nyayo mbili, safi, zinadondosha maji, visigino vimeelekea kwake na vidole vimeelekea ukutani, ingawa uso ulikuwa ukimtazama yeye. Na ile harufu ikajaa ua mpaka macho yakamtoka machozi, na miguu yake ikataka kukimbia, nusura imchukue, lakini mbele yake alikuwapo mumewe amepiga magoti, akimtazama kwa macho ya mtu anayezama mbele ya watu wasiojua kuogelea.

Mama Wanga alilishika shuka kwa mikono miwili, akaling'oa kambani.

Lilikuwa zito. Lilikuwa zito kama mtu aliyelala. Alilikokota mpaka kwenye meza ya pasi, akalibwaga, akalitandaza, na mle kitambaani ule unyevu ulikuwa ukifurukuta, mkono ukihama huku, goti likijikunja kule. Kila alipolinyoosha, lilijikunyata upya. Mtu mmoja hawezi kunyoosha shuka la namna ile. Akainua macho, na hakuhitaji kusema. Breki alikuwa ameshajivuta kwa magoti mpaka upande wa pili wa meza, akashika pindo, akavuta.

Akaishusha pasi kwenye nyayo.

Mvuke ulilipuka ukapanda mpaka juu ya paa. Kitu kile hakikupiga kelele kwa sauti moja, kilipiga kwa sauti zote kilizonazo. Mama Wanga aliuma meno akapiga pasi kama alivyofundishwa na mama yake, kutoka pindo kwenda juu, bila papara, bila kuruka sehemu. Alipokausha miguu, unyevu ulikimbilia kiunoni. Alipokausha kiuno, ukakimbilia kifuani, na kutoka kwenye ule mvuke sauti zikaanza kuachiliwa. Mluzi wa seremala ulitoka wa kwanza, ukapita juu ya ukuta ukaenda zake. Kicheko cha mwanamke kikafuata. Yule mzee aliomba maji mara moja tena, kwa upole uleule, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kunywa, akatoweka.

Kikabaki kinywa tu, alama ya maji isiyozidi kiganja, na kilisema kwa sauti ya Breki.

"Niachieni chumba kimoja. Kile cha nyuma. Hamtanisikia."

Mama Wanga hakukijibu. Alimtazama mumewe.

"Vuta, mwenzangu," alisema. "Bado pana mkunjo."

Breki akavuta. Pasi ikashuka juu ya kile kinywa, Mama Wanga akailaza palepale kwa uzito wake wote, mvuke ukafoka, ukapungua, ukakatika. Ua ulinyamaza. Halafu barabara ikasikika tena, na kunguru wa juu ya paa. Upande wa pili wa meza mtu alikohoa.

"Mwenzangu," alisema Breki kwa sauti iliyokauka, "linaungua."

Kweli lilikuwa linaungua. Mama Wanga akainua pasi, akaliangalia doa la kahawia katikati ya shuka la mteja wake, akacheka mpaka akaketi chini.

Alasiri ile, wanasema, seremala aliuliza nani kaichukua nyundo yake, na mkewe akadondosha sufuria. Bibi nesi alisikiliza habari yote bila kuikatisha. Alipoambiwa kuhusu mzee aliyeomba maji, aliufunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Alipouinua akamuuliza Mama Wanga kama bado anaitaka nyumba baada ya aliyoyaona. Breki alisubiri jibu kama wengine.

"Naitaka," alisema Mama Wanga. "Hata jana nilikuwa naitaka."

Wakahamia. Siku ya kwanza alipigilia misumari katika kila ukuta alioupenda, mingine bila kitu cha kutundika, kwa raha ya kupigilia tu. Nguo zilikauka. Wateja wakarudi. Kukapita majuma ya amani, hata Breki akajifunza kulala usingizi wa mchana akiwa ameingiza miguu yote miwili ndani.

Kisha adhuhuri moja walikuwa mezani, wanakula, mlango wa mbele umefungwa kwa komeo, wakasikia kitu kikikwaruza mbao kwa nje. Kitambo kidogo, kikasema:

"Hodi."

Haikuwa sauti ya mtu yeyote waliyemjua. Ilikuwa nyembamba na mbichi, sauti ya kitu ambacho hakijawahi kusema kwa kinywa chake chenyewe na sasa ndiyo kwanza kinajaribu. Chini ya mlango ikaingia harufu ya utambi uliozimwa. Tonge lilimkwama Mama Wanga mkononi. Hodi ikapigwa tena, kwa adabu, ikivutwa mwishoni, na kila Mswahili anajua jinsi neno lile linavyolivuta jibu lake kutoka kinywani kabla hujafikiri.

Breki alisimama. Mkewe akamshika mkono, akamkazia macho, akitikisa kichwa. Breki akauweka mkono wa mkewe juu ya meza, polepole, akaenda mpaka mlangoni, akasimama karibu kiasi kwamba pumzi yake iligonga mbao.

"Mwenye nyumba amekataa," alisema.

Wakasubiri wote wawili, yeye mlangoni na mkewe mezani, wakisikiliza kama sauti itabaki. Breki akajaribu tena, na maneno yakatoka mazima, yake mwenyewe, na mtetemo wake.

"Amekataa. Na mimi nimekataa."

Nje, kitu kikaketi barazani. Walisikia uzito wake ukitulia juu ya mawe, na maji yakidondoka, tone baada ya tone. Hakikuondoka. Breki alirudi akavuta kiti chake, na Mama Wanga akamwongezea chakula.

"Kula," alimwambia. "Kikichoka kukaa, kitasimama."