Siagi ya Kiini cha Yungiyungi

Kila asubuhi Yangdol alijaza maji vibakuli saba vya madhabahuni, haraka haraka, huku akiwaza uji. Asubuhi ile mama yake, Ama, alimkabidhi pia bonge la siagi lililofungwa kitambaani, alipeleke kwa watawa wa kike kule juu mlimani, waliokuwa wakifinyanga maua ya siagi kwa ajili ya sikukuu ya kesho.

Siagi ile ilikuwa nadhiri. Wakati wa baridi Yangdol aliugua kichomi, majirani wakaanza kunong'ona kuwa hataishi, na Ama akaahidi kutoa siagi madhabahuni mtoto akipona. Alipopona, Ama aliacha kutia siagi katika chai yake, akawa anaiweka akiba.

Njiani Yangdol akamega kidogo, akala na unga wa shayiri aliobeba mfukoni. Akamega tena. Alipogutuka, bonge lilikuwa limekonda. Basi akaukanda unga uliosalia kwa theluji, akaufanya kiini, akaupaka siagi juu. Nani atalipasua?

Ani Chozom, mtawa mzee, alikuwa akichovya mikono katika maji ya barafu, maana mkono wenye joto huyeyusha ua. Alilipokea bonge kwa mikono miwili, akawaambia wasichana wote waliokuja kusaidia kuwa hiyo ndiyo siagi ya kufinyangia kiini cha ua la yungiyungi. Akalibonyeza. Likapasuka, donge la unga likatokeza ndani.

"Kumbe kwenu siagi hukamuliwa shambani," alisema Lhazes, msichana jirani ya kina Yangdol, na wenzake wakacheka.

Yangdol alitazama viatu vyake. Mdomo wake ulikuwa bado unang'aa mafuta.

"Ulikuwa na njaa?" Ani aliuliza.

"Hapana, Ani. Ilikuwa tamu."

Ani hakumkaripia, na hilo lilimchoma zaidi. Alimketisha kwenye mto wa kutafakari, akamwekea lile bonge bovu katika mkono wa kulia.

"Upe mkono wa kushoto. Kisha ulirudishe."

"Lakini bado ni langu, Ani."

"Ndiyo. Asiyejua kutoa huanzia hapo."

Yangdol akafumba macho, akajipokeza bonge mwenyewe, kulia na kushoto. Mwanzoni alisikia vicheko tu. Baadaye akamwona Ama akinywa chai ya chumvi isiyo na siagi, mwezi baada ya mwezi, na machozi yakamtoka. Akaomba ruhusa ateremke akaseme mwenyewe.

Ama alisikiliza mpaka mwisho. Nyumbani palibaki kipande kimoja tu, siagi ya chai ya Yangdol ya sikukuu. Yangdol alikileta bila kuambiwa, wakapanda nacho pamoja. Alipomwekea Ani mkononi, vidole vyake vilisita kidogo, kisha vikaachia. Kilitosha kwa kiini kidogo tu.

Kesho yake watu wote waliliona ua lile lenye kiini kidogo, na Lhazes hakuacha kulionyesha kwa kidole. Yangdol alitamani ardhi immeze. Ama akamshika bega.

"Wazee walituwekea desturi ya kutoa maji madhabahuni kwa sababu hakuna anayeonea maji choyo," alisema. "Walitaka mkono uzoee kutoa kilicho rahisi, ili siku ya siagi usitetemeke. Wewe ulijaza vibakuli, mwanangu, lakini hukutoa kitu. Nami nilikuona una haraka, nikanyamaza. Choyo cha mtoto kikinyamaziwa, hukua hadi kikala cha madhabahuni."

Asubuhi iliyofuata Yangdol alimimina maji polepole, kibakuli kimoja kimoja. Uji ukapoa, akauacha upoe.