Ndevu za Mjomba

Kila siku baada ya masomo, Kalamu alipitia kwa mjomba wake kinyozi kumsaidia kufagia nywele. Wenzake darasani walimpa jina hilo kwa sababu hakukosa kalamu sikioni. Mjomba alikuwa na ndevu zilizofika kifuani, na wateja hawakuacha kumtania.

"Fundi, mashine yako haifiki kidevuni kwako?"

"Hizi zangu ni za Mungu," Mjomba alikuwa akijibu. "Zako ndizo za mashine."

Wiki hiyo hapakuwa na nywele za kufagia. Viti vyote vitatu vilikuwa vitupu, na Mjomba alikuwa akifuta kioo kilichokwisha kung'aa.

"Siku hizi watoto wa mtaa huu hawaoti nywele?" Kalamu aliuliza.

Mjomba hakucheka. Alimpa simu. Kwenye video, mwanafunzi aliyeitwa Twiga alichechemea jukwaani, amevaa kofia ya kusalia na ndevu za pamba zilizopakwa masizi. Alikuwa akiwahimiza vijana waende msituni kuua watu. Wanafunzi walipiga kelele, "Kamanda Kinyozi!"

Kalamu aliirudisha simu. Mchezo ule aliuandika yeye, kwa ajili ya siku ya wazazi. Mtu fulani alikuwa amerekodi mazoezi na kuyasambaza mtaani. Magaidi wote aliowaona kwenye filamu walikuwa na ndevu. Alipokosa namna ya kumtembeza gaidi wake, alimpa mwendo wa Mjomba wa kuchechemea.

"Nilitaka watu wamtambue upesi tu, Mjomba."

"Wamemtambua. Jana mama mmoja kaniona mlangoni, akamshika mwanawe mkono, wakavuka barabara." Mjomba aliichukua mashine, akaitazama. "Labda nizinyoe, watarudi."

"Usizinyoe. Nipe mpaka siku ya wazazi."

Mjomba aliiweka mashine mezani, akaelekeza kidole kwenye kiti cha dirishani. "Unamkumbuka kijana wa mama muuza mkaa?"

Nani asingemkumbuka? Aliacha shule, akajiunga na wauaji, hakurudi tena.

"Aliyemchukua alikuwa akinyolewa pale kila Jumamosi. Kidevu laini, ananukia vizuri. Alimnunulia kijana viatu vya mpira. Sisi tulimwita mvivu, yeye akamsikiliza. Hata mimi nilimwona mtu mwema, Mungu anisamehe."

Jioni ile Kalamu alimwomba Mungu kwa muda mrefu, kisha akauandika mchezo upya. Kesho yake aliwaambia wenzake wazi kwamba amemkosea mjomba wake.

"Sasa gaidi asiye na ndevu atajulikanaje?" Twiga alilalamika.

"Hiyo ndiyo shida yenyewe," alisema mwalimu wa maigizo.

Siku ya wazazi, Twiga aliingia jukwaani na shati lililopigwa pasi, mkononi jozi ya viatu. Alitabasamu. "Huyo kalelewa," mzazi mmoja alinong'ona. Lakini alipomwambia kijana, "Haya usimwambie mama yako," ukumbi ulinyamaza. Kule nyuma, mama muuza mkaa alijifunika uso kwa mtandio.

Mchezo ulipokwisha, Kalamu alisimama jukwaani.

"Yule wa kwenye video nilimtunga vibaya. Kuchechemea kule ni kwa mjomba wangu. Aliumia mguu akiezeka paa la ukumbi huu."

Watu walitazama juu, kisha wakatazama chini.

Jumatatu, mama muuza mkaa alikuja kinyozini na mwanawe mdogo, akamkalisha kiti cha dirishani. Wengine hawakuja siku hiyo.

"Nisamehe, Mjomba," Kalamu alisema.

"Nilishakusamehe. Ila shika hili, na wewe pia, mwanangu," alisema, akimwinamisha mtoto kichwa taratibu. "Ndevu hazikuonyeshi moyo wa mtu, wala kidevu laini. Msikilize anachokuambia. Akikufundisha kuwachukia watu na kumficha mama yako siri, hata akiwa mimi, mkimbie, ukaseme nyumbani."

Nywele za kwanza zilianguka sakafuni. Kalamu akachukua ufagio.