Jicho la Kushoto la Chaska

Miaka ile, kabla barabara ya magari haijafika Huayllapata, kila mtoto aliyerudi kutoka shuleni alijua kazi inayomngoja. Alitupa mkoba kitandani, akameza viazi vya kuchemsha upesi upesi, akachukua mundu na shali la kubebea, akaenda kukata majani ya simbilisi. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Simbilisi walikuwa na njaa, na simbilisi wa milima ile ya Peru hawana adabu ya kusubiri kimya.

Nelida aliishi na bibi yake, Eulogia, kwa kuwa wazazi wake walikuwa mbali bondeni wakichuma kahawa. Jiko la bibi lilikuwa chumba kidogo cha matofali ya udongo, dari yake nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Meko yalikuwa kwenye kona, na chini ya benchi la udongo waliishi simbilisi: wekundu, weupe, wenye madoa, wanene kwa wembamba. Ukisukuma mlango na mzigo wa majani mgongoni, wote walilipuka kwa pamoja: "Kui! Kui! Kui!" Nelida ni mtu mzima sasa, amekaribishwa katika nyumba nyingi nzuri, lakini hajapata makaribisho yanayozidi yale.

Simbilisi walifugwa kwa ajili ya chungu. Hilo kila mtu alilijua na halikumliza yeyote. Chaska tu ndiye aliyekuwa tofauti. Mama yake alikufa wakati wa kumzaa, na Nelida akamlea kifuani, ndani ya sweta, mpaka akapata nguvu ya kutafuna mwenyewe. Bibi akasema, "Haya, huyu ni wako. Mkono wa mtu hautamgusa. Lakini wewe ndiwe mama yake, usije ukanitegea mimi." Chaska alikuwa mweupe, na doa la kahawia lilizunguka jicho lake la kulia. Akiitwa jina, alikuja.

Mwaka ule shule ilipata mpira mpya wa voliboli. Wasichana walifunga kamba kati ya mikaratusi miwili, na kila mchana baada ya masomo uwanja ulijaa vumbi na vicheko. Nelida alikuwa na mkono mzuri wa kuanzisha mpira. Taabu ilikuwa moja: shamba la bibi la lusini, majani mabichi ya kulishia mifugo, lilikuwa ng'ambo ya korongo, na aliyekwenda huko hakurudi mapema.

"Unakwenda wapi tena?" Maruja, rafiki yake, alimwita siku moja. "Ukiondoka wewe tunachapwa!"

"Simbilisi hawajala."

"Wewe nawe! Si uchukue hayo makapi ya Mzee Demetrio? Simbilisi wana macho ya kuchagua?"

Pembeni ya uwanja palikuwa mahali ambapo Mzee Demetrio alipura shayiri yake. Ulikuwa mwezi wa Julai, mavuno yamekwisha, na lundo la makapi lilisimama pale, la njano na jepesi. Nelida alilitazama, akautazama mpira. Alicheza mpaka jua likagusa mlima, kisha akasomba makapi yale kwa mikono miwili, akajaza shali, akarudi nyumbani akiimba.

Wenyeji wote wa kule wanajua kwamba makapi ya shayiri ni ya punda. Yana ndevu ndefu, kali, zenye vijimeno visivyoonekana. Zikiingia mahali hazirudi nyuma, husonga mbele tu. Nelida naye alilijua hilo. Alijiambia kwamba siku moja haidhuru. Simbilisi kwa njaa yao walijitosa ndani ya makapi vichwa na mabega, wakala.

Siku moja ikawa siku kadhaa. Alfajiri, kabla bibi hajaamka vizuri, Nelida alifagia mabaki akayatupa nje. Bibi macho yake yalikuwa yamefifia, na alimwamini mjukuu wake.

Ndipo asubuhi moja Chaska hakuja alipoitwa. Alikuwa amejikunyata ukutani, jicho la kushoto limefumba, na ute mweupe umelowesha manyoya ya shavu. Nelida alishtuka, kisha akajituliza. Simbilisi hutoa maji meupe machoni na kuyapaka usoni kwa viganja, hivyo ndivyo wanavyonawa. Kila mtoto wa Huayllapata amewahi kuwacheka. "Ananawa tu," akajisemea. Lakini anayenawa huwa na macho mawili yenye maji, tena humaliza akaenda zake. Jioni jicho lilikuwa na matongotongo mazito, na Chaska hakugusa hata ganda la kiazi.

Shangazi yake Fortunata alikuwa amekuja kusaidia matayarisho ya sikukuu ya Mtakatifu Yakobo. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye ulimi usio na breki. Alimwinua Chaska kwa mkono mmoja.

"Huyu amekwisha. Mama, tumtie chunguni sasa hivi kabla hajakonda. Sikukuu ikifika atakuwa mifupa na ngozi."

"Hapana, shangazi!" Nelida akampokonya. "Huyu haliwi!"

"Haliwi! Kwani ni padri?"

"Mwache mtoto," bibi alisema. Akamgeukia Nelida. "Amepatwa na nini? Umewapa nini siku hizi?"

Hapo mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa. Nelida angetamka neno moja tu na mambo yangekwisha. Lakini shangazi alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, na mpira wa voliboli nao ulikuwa unamngoja kesho.

"Lusini, bibi. Kama kawaida. Labda ni moshi."

Bibi Eulogia aliyatazama meko yake. "Huenda," alisema polepole. "Moshi huu umeyala hata macho yangu."

Jumapili walimpeleka Chaska kwenye gulio la mjini, amefungwa ndani ya shali la bibi. Daktari wa mifugo, Bwana Altamirano, alikuwa amezungukwa na kondoo, punda na watu wanaopigiana kelele. Alimtazama Chaska kwa makini kadiri kelele ile ilivyoruhusu.

"Jicho limevimba. Anakula nini?"

"Lusini," Nelida akajibu.

"Hakuna majani makavu? Yenye miba, yenye ndevu?"

"Hapana, daktari."

"Anakaa wapi?"

"Jikoni kwangu, karibu na meko," bibi alisema, kama mtu anayekiri kosa. "Ni moshi wangu, daktari."

Daktari akatoa dawa ya matone na kuwaonya wasimweke tena penye moshi. "Akizidi, mrudisheni haraka. Jicho halisubiri gulio."

Njia nzima ya kurudi Nelida alijiona ameokoka. Hakujua bibi yake alikuwa akiwaza nini.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na kikohozi. Alitoka nje akiwa bado na blanketi. Umande ulikuwa umeganda ukawa barafu juu ya kila jani, na uani, katikati ya baridi ile, bibi Eulogia alikuwa amechuchumaa akipuliza moto. Alikuwa ameyahamisha mawe ya meko, chungu, na kuni, moja moja, peke yake. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa baridi.

"Bibi! Unafanya nini huku nje?"

"Si daktari amesema? Sitapika tena humo ndani mpaka mtoto wako apone."

"Lakini utaugua!"

"Mimi ni mzee, nimezoea. Yeye ndiye mdogo." Akakohoa, akacheka kidogo. "Njoo uote moto kabla ya shule."

Majirani waliopita njiani kwenda kuwatoa kondoo hawakumwacha salama. "Mama Eulogia, umefukuzwa nyumbani?" mmoja alipaza sauti. Mwingine akadakia, "Simbilisi wake sasa ni bwana mkubwa, hataki moshi! Kesho atadai godoro!" Bibi aliwajibu kwa mzaha mzuri zaidi ya wao, akaendelea kupuliza. Nelida hakucheka. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba bibi hakuwa amekasirika hata kidogo.

Alimweka Chaska mapajani ili amtie matone. Jicho halikuwa na nafuu. Sasa utando wa buluu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, ulikuwa umefunika mboni, na alipougusa ukope Chaska alipiga ukelele mwembamba, si ule wa njaa.

"Bado tu?" Shangazi Fortunata alisema nyuma yake. "Mama anaganda uani kwa ajili ya mnyama wa kuliwa. Leo hii namchinja, liwalo na liwe."

Nelida alisimama. Machozi yalitangulia maneno.

"Si moshi! Bibi, rudi ndani, si moshi! Ni mimi. Sikwenda kwenye lusini. Nilicheza voliboli, nikawaletea makapi ya shayiri ya Mzee Demetrio. Nilimdanganya na daktari pia."

Hata shangazi alifunga kinywa, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Bibi Eulogia aliweka chini kipande cha kuni alichoshika.

"Makapi ya shayiri," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Vaa viatu. Mchukue. Twende."

Hakusema neno lingine njia nzima, na Nelida angependelea achapwe kuliko ule ukimya. Bibi alitembea mbele, akikohoa, bila kusimama kupumzika hata pale kwenye mwinuko ambapo kila mtu hupumzika.

Daktari Altamirano alikuwa ndio kwanza anafungua mlango wa ofisi yake. Bibi akamsukuma mjukuu wake mbele. "Mweleze mwenyewe."

Nelida akaeleza yote, macho chini. Daktari hakupoteza muda kumgombeza. Alimviringisha Chaska kwenye taulo, akadondosha dawa ya ganzi jichoni, akawasha taa, kisha akalivuta kope la chini taratibu, akatazama. Akalivuta la juu, akaligeuza.

"Huyu hapa," alinong'ona.

Kwa kibano chembamba alivuta kitu kidogo, cha njano, kirefu kuliko Nelida alivyotarajia. Ulikuwa udevu wa shayiri, umejificha chini ya kope, ukiikwaruza mboni kila Chaska alipopepesa. Nelida alijiona mdogo kuliko ule udevu.

"Binti, nilikuuliza," daktari alisema. "Nilitafuta moshi, na moshi hautafutwi chini ya kope. Udevu huu ungekaa pale kidogo zaidi, jicho hili lingepasuka." Akabadilisha dawa, akaonyesha namna ya kuitia. "Na usijaribu kuchokoa jicho la mnyama mwenyewe, ukalitoboa. Mlete. Na uje na habari za kweli."

Walikaa kwenye ngazi za kanisa kula mahindi ya kuchemsha kabla ya kupanda mlima. Chaska alikuwa ndani ya shali, anatafuna ganda la hindi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nelida hakuweza kula.

"Bibi, nisamehe. Sitacheza tena voliboli."

"Nani amekukataza voliboli? Cheza. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana nilipenda kucheza kuliko kula." Bibi Eulogia alimenya hindi lake kwa kidole gumba, punje kwa punje. "Kata majani kwanza, halafu cheza. Ukichelewa kuyakata, niambie nimechelewa, bibi, leo watalala na maganda ya viazi. Hawatakufa. Wala mimi sitakufa."

"Niliogopa."

"Najua. Lakini sikiliza, mama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulimpa daktari uongo, naye akautibu. Mimi ulinipa uongo, nikauhamishia meko nje kwenye barafu. Sote tulihangaika na uongo wako, na huku mwiba umekaa palepale, unamkata mwenzio. Kosa likisemwa, watu hujua pa kutia mkono. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Basi kula. Mlima ni mrefu."

Jicho la Chaska lilipona, ila lilibaki na kovu dogo jeupe kwenye mboni, na aliishi nalo mpaka uzee, akazaa watoto wengi. Meko yalirudishwa ndani jioni ileile. Shangazi Fortunata aliyabeba mawe yote mwenyewe, akilalamika kila hatua, na Mzee Demetrio akaja kutoboa tundu darini ili moshi upate njia. Sasa bibi Eulogia amelala kwenye makaburi ya juu ya kijiji, na jiko lake limebomolewa. Nelida humkumbuka hasa pale anapofanya kosa na kushawishika kulifunika: humwona ameketi kwenye ngazi zile, anamenya hindi, anamngoja aseme. Basi Nelida husema.